Usukani Niliomfungia Sostenes

Rulenge,
Jumapili, baada ya misa.

Kaka yangu mpendwa Leonidasi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Aline na watoto, na kwamba ule mguu ulioteguka wakati wa kuvuna maharage sasa unakanyaga bila fimbo. Huko Nyabusozi mvua zimeshaanza? Huku zimeanza kwa fujo, barabara ya kwenda Ngara ni tope tupu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni nina kinyaa, sijapata neno lingine. Tangu wiki iliyopita nanawa mikono kwa sabuni mara tatu kabla ya kula, na bado naiona inanuka.

Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeniuliza maswali kabla sijamaliza, nami ningepata pa kukwepea. Nakuomba uisome peke yako kwanza.

Nikutoe wasiwasi mapema: Shangazi Speciose yuko hai, na yuko hapa kwangu. Lakini nyumba yake haipo tena. Bati zimeng'olewa, migomba yake yote ya nyuma imekatwa, hata ile aliyoipanda siku ulipokwenda kuanza chuo cha ualimu. Waliofanya hivyo si wezi. Ni majirani zake.

Mambo yalianzia kwenye kibanda changu cha ufundi. Alikuja mtu mmoja anaitwa Sostenes, mgeni, mpole wa maneno, viatu vyeupe visivyo na doa katika matope haya. Kwenye mfuko wa salfeti alikuwa na gari la kuchezea la rimoti, lakini si la watoto wadogo. Lina urefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, magurudumu mapana yenye meno, na bodi ya juu imeondolewa, amebakiza chasi tu. Alisema linakwenda mbele vizuri, ila akiliwekea mzigo na kuligeuza kwenye udongo, linang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Nilimuuliza mzigo gani. Akasema anafanya michezo kwenye sherehe, gari linabeba zawadi mpaka kwa bwana harusi.

Kaka, lile gari lilikuwa chafu kiasi cha kutapisha. Mafuta ya mbuzi yalikuwa yameganda kwenye chasi, manyoya ya kuku yamejisokota kwenye ekseli, na chini ya betri kulikuwa na damu iliyokauka ikaoza. Aliniambia huwa analificha kwenye banda la kuku kwa kuogopa wezi. Nilimwamini, au niliona ni rahisi kumwamini. Nikalisugua kwa petroli na mswaki wa zamani huku nimejifunga kitambaa puani.

Ndani ya magari hayo kuna kijisanduku kinachoitwa sevo. Kina mota na gia, kinasikiliza rimoti na kuyavuta magurudumu ya mbele kulia au kushoto. Nilipoifungua ya gari lile nikakuta gia zake ni za plastiki na meno mawili yamelika. Nikaagiza Mwanza nyingine yenye gia za chuma, nguvu yake mara tano ya ile ya zamani. Ilipofika, mkono wa zamani, kile kipande kinachounganisha sevo na usukani, haukuingia kwenye shina lake, idadi ya meno ni tofauti, nikatafuta mkono mwingine wa alumini. Nikafunga, nikaweka mawe mawili juu, nikageuza: gari likazima kabisa. Nikakuna kichwa asubuhi nzima. Kumbe sevo mpya ilikuwa inavuta umeme mwingi mpaka kile kipokezi cha rimoti kinakosa wake. Nikaipa waya wake wa pekee kutoka kwenye betri, ukipitia kidude cha kupunguza nguvu. Kisha nikaweka mpaka wa kugeuka ili isilazimishe magurudumu na kujiunguza.

Nilifurahi sana. Kwa miaka tisa natengeneza simu zilizoingia maji na redio zilizopigwa na radi, na hapa nilikuwa nimefanya kazi ya kufikiri. Likiwa na mawe juu lilikuwa linakata kona kwenye changarawe kama mtu anayejua anakokwenda, sevo ikitoa mlio wake mwembamba, zii, zii. Sostenes akaniomba nimfundishe kulisimamisha mbele ya kigoda bila kukigusa. Nikamfundisha. Tulirudia mara nyingi mpaka akaweza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani kumpelekea Shangazi chumvi na dawa yake ya presha. Nilimkosa, nikaambiwa watu wote wako kwenye uwanja wa mpira. Unajua kwamba Habonimana, jirani yake, alizika watoto wawili ndani ya mwezi mmoja. Hospitali walimwambia ni malaria iliyochelewa. Maneno hayo hayakumtosha, na simlaumu kwa kutotosheka. Lakini kukatokea wazee wa kumwambia kuna mkono wa mtu, na mwenyekiti wa kitongoji akaruhusu, wakamwita mtambuzi wa wachawi.

Mtambuzi alikuwa Sostenes. Alijipaka chokaa usoni na kujifunika shuka jekundu mpaka miguuni, mikono yote ndani. Viatu vyeupe hakuwa navyo, lakini nilimtambua. Katikati ya uwanja kulikuwa na kapu kubwa lililofudikizwa, limevishwa ngozi ya mbuzi mbichi yenye damu, manyoya ya kuku yamezunguka ukingoni hadi chini. Inzi walikuwa wamelijaa. Watu walikaa duara, vikongwe wote wakiwa wamewekwa mstari wa mbele. Shangazi alikuwa wa nne, amekaa kwenye kigoda chake mwenyewe.

Kapu likaanza kutembea. Wanawake wakapiga kelele. Likaenda mbele, likasita, likakata kushoto likampita bibi wa kwanza, likakata tena, na mimi nikasikia zii, zii. Likasimama mbele ya Shangazi kwa upana wa kiganja, bila kumgusa.

Ninachokumbuka zaidi ni uso wake. Hakulia. Alilitazama kapu, kisha akamwambia Habonimana kwa sauti ya kawaida: "Hawa wanao ni mimi niliyewapokea. Nilikata vitovu vyao kwa mikono hii." Habonimana akatazama chini.

Mtu mmoja tu alisimama. Ni Ng'washi, yule mama Msukuma mwenye ng'ombe, aliyehamia bondeni kutoka Shinyanga. Alikwenda mpaka katikati, akainama, akaonyesha vumbini. Alisema yeye amefuata nyayo za mifugo tangu utotoni, na kitu hiki hakina nyayo, kina matairi, mistari hii hapa inaonekana. Wakamzomea. Wakamwambia arudi kwao, mambo ya hapa hayajui. Mmoja akamtupia ganda la muwa. Hakuna aliyemuunga mkono.

Shangazi akapewa mpaka jua kuzama awe ameondoka. Wakati anafunga nguo zake kwenye kitenge, walimchinja mbuzi wake, yule mweusi, wakisema ni wa kusafisha kitongoji. Wakamchoma palepale uani. Watu aliowazalisha, watu aliowakopesha mbegu, nimewaona wakinyonya mifupa na kupangusa mafuta mdomoni kwa majani ya migomba yake. Rubisi ya ndizi aliyoitengeneza kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wa jirani waliinywa yote. Kaka, nimeshasafisha vidonda vya mbwa, nimeshafungua redio zilizojaa mende, lakini sijawahi kuona uchafu kama ule.

Nilimchukua Shangazi kwa bodaboda, nikamleta Rulenge.

Jumatatu asubuhi Sostenes akaja kibandani, viatu vyeupe, anatabasamu. Nyuzi za ngozi zilikuwa zimeingia kwenye usukani, anaomba niyasafishe magurudumu maana ameitwa kijiji kingine. Alinisifu. Alisema kazi yangu imenyooka, tangu aanze hajawahi kulisimamisha karibu vile. Nilipokea gari, nikaomba na rimoti ili nijaribu, nikavitia vyote kwenye kabati la chuma na kufunga kufuli. Kisha nikatoka nje nikapiga kelele mpaka muuza nyanya na mafundi cherehani wote wakaja. Sostenes aliponyoka kupitia nyuma ya kinu cha mahindi. Nimetoa taarifa polisi, wanamtafuta.

Alhamisi nikalibeba gari hilo mpaka nyumbani. Nilimpitia Ng'washi kwanza, nikaenda naye. Mwenyekiti alipiga filimbi, watu wakakusanyika uwanjani. Nikaweka gari chini, nikalifunika kapu la kawaida, nikaliendesha mbele ya macho yao mpaka miguuni pa mwenyekiti. Nikalirudisha. Nikalipeleka miguuni pa Habonimana. Kisha nikafunua.

Nilitegemea kilio, au aibu. Wachache walicheka. Mama mmoja akaniuliza kama kwenye harusi ya binti yake ningeweza kulileta. Mzee mmoja akasema sawa, hili ni gari, lakini lile la Jumamosi lilikuwa na nguvu nyingine. Mwenyekiti akanivuta pembeni, akaniomba nikienda tena polisi nisitaje jina lake. Habonimana peke yake alikaa chini vumbini, akafunika kichwa kwa koti, na akabaki hivyo mpaka tulipoondoka. Kuhusu bati za Shangazi hakuna aliyesema anazo.

Kaka, mpaka hapa nimekuandikia kama mtu aliyefanya vizuri. Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nichukue karatasi.

Ng'washi alipozomewa, hakukaa. Aligeuka akanitafuta kwenye umati, maana ananijua, nilimtengenezea redio. Akasema mbele ya wote: "Yule pale ni fundi. Jovina, njoo uangalie mistari hii, utuambie." Watu wakageuka. Shangazi naye akageuza shingo akanitazama, na nikaona usoni mwake kwamba sasa ametulia, mtoto wake yupo.

Nikasema: "Mimi sijui kitu hicho."

Sikuogopa kupigwa. Niliogopa kuulizwa nani amelitengeneza. Niliona kibao cha kibanda changu, niliona wateja, nikasema sijui. Na pale uani, mtu alipopita na sinia la nyama, nilinyoosha mkono nikachukua kipande, ili nisionekane tofauti. Nilikitupa kwenye mibuni, lakini nilikuwa nimeshakitafuna kidogo. Ndiyo harufu inayokataa kutoka.

Jana nilimwambia Shangazi yote. Alinisikiliza akichambua mchele. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu: nilikuwa nimejua saa ngapi. Ningeweza kusema baadaye, Sostenes alipolirudisha gari. Nikamjibu kwamba nilijua kabla halijafika kwake, lilipokata kona ya kwanza.

Akamaliza kuchambua mchele. Akaupika, akanipakulia sahani yangu akaiweka mezani, akachukua yake akaenda kula nje, kwenye mvua, chini ya ukingo wa bati. Hakunitukana. Tangu jana anasema nami maneno ya lazima tu, maji yako wapi, mlango ufungwe.

Njoo kaka. Wewe atakusikiliza, na ukimchukua akae kwako sitakasirika. Ukitaka kunisema, nisemee hapa hapa, mbele yake.

Wasalimie wifi Aline na watoto, mwambie Uwimana daftari lake la picha ninalo. Shangazi nilimuuliza kama ana salamu zako, akasema atakupa mwenyewe ukifika. Kwa upande wangu pokea salamu za mdogo wako, kama bado unaniita hivyo.

Ni mimi,
Jovina