Nyimbo Kwanza, Dawa Baadaye

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika hapa Igogo, marahaba. Baba yako mdogo wa Kisesa amevuna mpunga. Mguu wangu unauma, lakini kukaa ndani siwezi.

Unauliza kwa nini kanisani situlii, nageuka nyuma kila wimbo. Nchi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi, nami nilikuwa msichana wa kwaya ya vijana. Tulivuka kwa kivuko na daktari wa misheni kwenda vijiji vya Sengerema. Utaratibu wetu ulikuwa nyimbo kwanza, dawa baadaye. Siku moja, katikati ya wimbo, nilimwona mama amesimama nyuma ya watu, mtoto anatweta mgongoni. Hakusema neno, maana kwao ni aibu kukatiza maombi ya mgeni.

Niliacha kuimba nikamshika mkono, nikampeleka kwa daktari. Kiongozi wa kwaya alinikazia macho. Daktari alimpima mtoto, akasema taratibu, “Kuanzia leo mtaimba jioni.”

Mtoto alipona. Lakini hadi leo, wimbo ukinoga, nawaza ni nani amesimama mlangoni anatusubiri tumalize.

Bibi yako