Karatasi za Sindano

Mama,

Nina hasira nawe, na nimechoka kuambiwa kwamba marehemu hakasirikiwi. Arobaini yako imepita. Nilidhani hasira itapita nayo, lakini kila nikikaa kwenye mashine yako ya kutarizi inaanza upya.

Tangu watu wa gesi wajae hapa Palma, kazi haikosekani. Wiki ile ile ya arobaini zililetwa fulana za wapishi wa kambini, nitarizi majina yao kifuani. Mjomba Saidi akasema waziwazi: nikiiweza kazi, mashine inabaki kwangu, nikiharibu, anampelekea mkewe kule Mocímboa. Nikafungua kopo lako la sindano. Kwangu zote zilikuwa sawa. Ya kwanza ilitoboa fulana pembeni mwa kila herufi, matundu yakafumuka kama soksi kuukuu. Nikabadilisha, ya pili ikawa inakata uzi kila nikianza. Fulana mbili zikawa matambara.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kila sindano ulikuwa umeifunga kwenye karatasi yenye maandishi ya Kiarabu. Siku ya tatu baada ya kukuzika nilizikuta, nikasema hizi ni dua za Mama, maana ulikuwa na dua ya mlango, ya kisima, ya homa. Dua haitupwi jalalani, ulinifundisha mwenyewe. Nikazifungua moja moja, nikazichoma kwa adabu, majivu nikayamwaga baharini. Sindano nikazirudisha koponi zimechanganyika.

Mjomba alipokuja kuichukua mashine, alivuta droo akakuta sindano moja bado imefungwa. Akaisoma ile karatasi. Herufi za Kiarabu, lakini maneno Kiswahili kitupu: “Hii ya fulana. Ncha yake butu, haikati nyuzi. Ya jinzi usiitie hapa.” Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Miaka yote tumekaa meza moja, wewe na herufi za chuoni, chuo cha Kurani, mimi na za Kireno. Nilipotaka kujifunza zako ulinifukuza: “Haya yangu ya kizamani. Wewe shika ya shikola, ya shule ya serikali, upate kazi.” Sura za kusalia nikazishika kwa mdomo tu. Na zile namba ndogo za ukubwa zilizochongwa kwenye kila sindano, usizoweza kuzisoma, ningekusomea, Mama. Hukuniomba hata siku moja. Ulikuwa unanionea haya mimi, mwanao wa kumzaa? Na mimi nilikuona ukiandika, nisiulize unaandika nini. Wewe nitakusamehe, ila mimi mwenyewe sijui kama nitajisamehe.

Kwa sindano ile, fulana zilizobaki zimetoka safi. Mjomba amekwenda zake mikono mitupu.

Lakini baadhi ya karatasi nilizochoma hazikuwa na sindano ndani. Zilikuwa zimekunjwa tu, maandishi yamejaa pande zote mbili. Mambo ya sindano hayawi marefu hivyo. Ulikuwa unamwandikia nani? Kama ulikuwa unaniandikia mimi, Mama, kwa nini uandike kwa herufi ulizoninyima?

Barua hii nimeiandika kwa herufi za shule, hutaweza kuisoma, na hilo nalo linanikera.

Kwaheri, Mama. Mungu akulaze pema. Jumamosi naanza chuoni. Nitakaa mkekani na watoto wa miaka sita, wanicheke wanavyotaka, mpaka niweze kuisoma mwenyewe ile karatasi moja ya sindano iliyobaki.

Mwanao,
Zuhura