Milimita 118 za Kurui

Sofu, Kibaha
Alhamisi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha mwavuli wako mweusi, kilichotokea Jumanne saa nne asubuhi pale Mlandizi, nao ukiwa kazini. Upepo uliugeuza mara moja tu, haukurudi tena. Mimi ni mzima. Magoti ya Mama yanasemaje? Mwanangu Naila anakusalimu. Ameanza kuhesabu, na kila anachohesabu anakiandika ukutani. Sijui kamrithi nani.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwako wewe jambo lisiloandikwa bado halijatokea.

Redioni wananisifu, Baba, nami nazipokea sifa nikijua ni zako. Mhariri wetu, Abdulwahab, anashangaa kwamba mvua ikichachamaa wenzangu wanapiga kelele, mimi nasoma taarifa ya hali ya hewa kama mtu aliyetumwa dukani. Sijamwambia nimekulia nyumba ambayo chai haikunywewa mpaka saa tatu, kipimamvua kisomwe kwanza. Miaka thelathini na moja, kwa homa na kwa Idi. Hata siku ya ndoa yangu shehe alikungoja mkekani, wewe umechuchumaa na kanzu mpya mbele ya lile kopo la shaba. Watu wa Kurui walikutania eti unamkagua Mungu kama kagawa sawa. Ukawajibu kwamba wewe ni karani tu. Na mimi ukanikataza kusema mvua kubwa. Niseme milimita ngapi, wapi, tangu lini.

Basi Jumanne nikasema hivyo hivyo. Mlandizi, tangu jana yake, milimita 94, Ruvu unapanda, walioko bondeni wahame kabla ya adhuhuri. Nikaenda mwenyewe kutazama. Wengi walikuwa wameshahama, isipokuwa Hemedi, mkulima, na mkewe na watoto wanne. Amekalia godoro lake mlangoni, anakunywa uji. Akaniambia dada, usitutishe, kila masika wewe mwenyewe unatutangazia kwamba Kurui iliwahi kupata 118 kwa siku moja na hakufa mtu, walipotea kuku tu wa Bi Biasha. Sasa hii 94 si manyunyu?

Baba, maji yalikuwa yameshaingia kwenye mahindi yake. Nikamwambia jambo ambalo wewe sijawahi kukuambia. Akanitazama, akacheka mpaka akashika nguzo, akanitukana tusi ambalo haliandikwi kwa mzazi, kisha akajitwika godoro. Saa kumi maji yalikuwa dirishani pale alipokuwa amekaa. Wote wazima, wamehifadhiwa shuleni na wenzao.

Tatizo ni kwamba mkewe ni mtu wa Kurui, na Jumamosi anakuja kwao. Afadhali ulisikie kwangu.

Mwaka ule ulipokwenda kuzika Mlandizi, uliniachia kipimamvua kwa siku mbili. Nilikuwa na miaka kumi. Siku ya kwanza niliandika sifuri. Ya pili nikachoka na sifuri, nikamimina maji ya kufulia, kisha nikayapima kwa uaminifu wote ulionifundisha. Uliporudi ukawauliza majirani, na hakuna aliyekubali kwamba mvua kama ile ilinyesha yeye asiione. Bi Biasha akaapa imemchukulia kuku wawili; nadhani walikuwa wameshaliwa. Ukanibeba begani, ukasema karani kazaa karani, ukaiandika 118 kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari. Ningesemaje? Nilipopata kazi redioni nikaitangaza, kila masika, kwa kukuonea fahari. Jumanne namba hiyo ilikaribia kuua watu sita.

Nakuomba usilichane daftari. Mstari wa uongo ni mmoja, na ni wangu. Zaidi ya elfu kumi na moja ni yako, na ni kwa hiyo yako watu wanaamini sauti yangu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie baada ya saa tatu.

Msalimie Mama, umwambie dawa ya magoti naileta mwenyewe, pamoja na mwavuli mpya. Bi Biasha naye msalimie, ila kuhusu kuku usimuulize.

Mwanao,
Raudha binti Mwishehe

Sahihisho la daftari. Kurui, tarehe 14 Machi ya mwaka ule, saa tatu asubuhi: sifuri.