Picha ya Mwezi wa Mei

Jumatatu, 20 Aprili 2026
Kalenda yetu ya miti inapendwa! Leo nimeiona kwenye duka la dawa hapa mtaani kwetu Picha ya Ndege, saluni, hata kwa muuza chipsi. Picha zote kumi na mbili nimechora mimi, Mwalimu Rukaya, na sijivuni – najivuna kidogo. Mvua inanyesha, watu wanakuja Kongowe kwenye kikundi chetu cha kupanda miti kuchukua miche. Zimebaki siku kumi na tatu niolewe na Latifu.

Jumatano, 22 Aprili
Mdogo wangu Hamisa kafunua kalenda mbele kutafuta siku ya harusi. Kufika Mei, kacheka mpaka kakaa chini. Kwani huyu si Baba Mkubwa Mfaume?
Ni yeye. Kofia ile, mgongo ule, msuli umekunjwa juu ya goti. Mchoma mkaa anashindilia udongo kwenye tanuri, na chini maandishi mekundu: ADUI WA MSITU NI HUYU. Wallahi sikukusudia. Mkono ulimchora mchoma mkaa unayemjua.
Baba alishafariki. Walii wangu ni Baba Mkubwa, hakuna mwingine. Asiponiozesha yeye, sijui.

Ijumaa, 24 Aprili
Nani alimpelekea Baba Mkubwa kalenda kwake Kisarawe? Mimi, zawadi ya mwaka mpya, na saini juu. Ila bado iko wazi Aprili, picha ya watoto na miche. Mpango: kesho naenda na gundi, nabandika Aprili na Mei pamoja. Basi.

Jumamosi, 25 Aprili
Kisarawe. Shikamoo, marahaba, chai, mihogo. Baba Mkubwa katoka kwenda kutawadha, nikapanda kigoda na gundi yangu. Akarudi kufuata kofia.
Kumbe aliiona tangu Januari. Hakufoka, bora angefoka. Kasema tanuri nimelikosea: magogo hayajafunikwa nyasi kabla ya udongo, litashika moto lote. Halafu akauliza, kwa upole, chuo cha ualimu nilisomeshwa na nini. Ni mkaa wake. Nimeona aibu.
Nikaomba radhi. Nikauliza kama atakuja kuniozesha. Akasema adui haozeshi mtu, akaenda zake msikitini.

Jumatano, 29 Aprili
Hapokei simu. Mama anasema nimwache apoe. Mama Laurensia, mwenyekiti wa kikundi, kauliza mbona miche ileile naimwagilia mara mbili.

Jumapili, 3 Mei
Saa tatu asubuhi. Shehe kafika. Latifu kafika na ndugu zake, kanzu zinang'aa. Mama Laurensia na kikundi kizima wamekaa mbele, fulana za kijani. Baba Mkubwa hayupo.
Bodaboda! Hamisa anachungulia dirishani – ni yeye, kanzu mpya, na gunia la mkaa limefungwa nyuma. Anawaambia wapishi ni la kupalia pilau ya mwanawe. Anasema kwa sauti, wote wasikie. Sasa kakaa juu ya gunia katikati ya uwanja, haingii ndani mpaka lipokewe. Wapishi wanamtazama Mama Laurensia, Mama Laurensia anatazama fulana yake.
Mama anasema bibi harusi hatoki nje kabla ya ndoa.
Naweka kalamu. Naenda kulipokea mwenyewe.