Abti, Alama Hazikutosha

Abti,

Mjomba wangu, Allah akurehemu, lakini nimekukasirikia. Nimekaa na hasira hii tangu Jumatatu na sina wa kumwambia isipokuwa wewe uliyeniletea.

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka wiki tatu baada ya kukuzika. Nimepata A-. Hesabu ni A kamili, hesabu ile uliyonipigia kelele miaka minne pale dukani kwako Garissa, unanitungia maswali huku wateja wakisubiri sukari. Mama alilia akikutaja, kaka yake. Mimi nikaanza siku hiyo hiyo kujaza maombi ya programu ya wanafunzi bora kule chuo kikuu, kama tulivyopanga. "Wewe leta alama tu, Sahra. Alama yako itakuongelea." Hukuwahi kunipa ushauri mwingine. Alama, alama, alama.

Basi fomu inataka namba ya kitambulisho. Nikaenda kuomba, nikaweka vidole kwenye mashine. Karani akatazama kompyuta, akasema, "Wewe ni mkimbizi wa Dadaab." Nikacheka. Mimi, mzaliwa wa Balambala, upande huu wa mpaka! Akanigeuzia nione mwenyewe. Kulikuwa na picha ya mtoto mwenye uso wangu na jina la mtu mwingine. Kitambulisho akaninyima.

Ndipo nikakumbuka. Mwaka ule wa ukame, ng'ombe wamekwisha, ulinipakia kwenye lori la maji hadi kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Ukaniambia nikiulizwa, niseme nimetoka ng'ambo ya mpaka. Njia nzima ulinikaririsha jina jipya. Nililitaja bila kukosea, wakanipiga picha na kuchukua alama za vidole, ukanisifu, tukapewa kadi ya chakula.

Ulijua, Abti! Ulijua vidole vyangu vimo kwenye orodha ya wakimbizi, na miaka yote ile ya hesabu hukufungua mdomo. Ungeniambia nikiwa kidato cha pili tungeanza mapema kuhangaika nifutwe humo. Uliona aibu? Basi hiyo aibu nimeibeba mimi, mbele ya foleni nzima.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba unga ule wa kambini niliula. Mama aliula. Nimejaribu kukulaani nikashindwa, na hilo nalo linanikasirisha.

Maombi yanafungwa Ijumaa. Chuo kimekubali nitume bila namba, mradi nieleze sababu kwenye insha. Mama anataka niseme kitambulisho kimepotea, ili tukusitiri. Sitasema hivyo. Nitaandika ukame, lori, na jina nililokariri. Nitaandika kwamba aliyenipeleka ndiye aliyenifundisha hesabu, na kwamba nilikuwa na njaa.

Pumzika, Abti. Bado nina hasira, na bado nakuombea kila swala. Nakuahidi sitasema uongo juu yako, hata ule wa kukupamba. Wakinikataa, watanikataa kwa jina langu.

Sahra