Mkono Ulioelekea Dirisha Langu

Jumatatu, 3 Machi

Leo siku ya nane mjini. Ghorofa ya tisa! Mimi niliyekuwa naogopa kupanda stuli. Asubuhi ukungu ulikuwa chini ya dirisha, si juu — nimeyatazama mawingu kwa kuinamisha kichwa. Paa za watu zinaelea kama sahani kwenye beseni la povu. Na juu ya ukungu wote, winchi. Ya njano, ndefu, imenyoosha mkono juu ya jengo wanalojenga ng'ambo ya barabara. Ndani ya kile kibanda cha vioo, kidogo kama kiberiti, yumo binti yangu. Anainua vyuma vizito kuliko nyumba yangu ya kule. Kwa vidole viwili! Amenionyesha mezani kwa kijiko, namna anavyosukuma.

Daftari hili lilikuwa lake la chuo, nusu limejaa hesabu za uzito. Nusu iliyobaki nimejipa mwenyewe. Niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu ulibandikwa ukutani.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua jambo! Kila jioni akishateremka, mkono wa winchi unabaki umeelekea dirisha langu. Juzi hivyo, jana hivyo, leo hivyo. Ananisalimia. Mtoto huyu hana maneno, tangu utotoni ukimuuliza kitu anakujibu kwa mabega. Leo anasema na mama yake kwa chuma kirefu kuliko mtaa. Nimeupungia kitambaa cha meza, kile cha maua. Binti sijamwambia kitu. Mambo mengine ukiyataja yanaona haya.

Jumapili, 9 Machi

Mshonaji wa mlango wa pili alikuja kuomba sukari, akakaa mpaka tukaimaliza pamoja. Nikamwonyesha winchi. Nikamweleza salamu zangu za jioni. Akasema wa kwake yuko benki, ana viatu vya kung'aa, lakini hata simu hapigi. Nikamwambia pole shoga yangu, watoto hawafanani. Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe hukuzaa, mwenzangu. Wewe ulisimika mnara." Tulicheka hadi chai ikapoa.

Mchana kaka akapiga. Kuna mwalimu mgeni anataka kupanga nyumba yangu. Anataka jibu Jumamosi, kabla ya saa sita. "Mwalimu akiingia haingii kwa wiki mbili tu, dada. Unakaa huko au unarudi?" Mimi nilikuja kutembea tu, na nguo za kubadilisha. Nikamjibu, huku nasalimiwa kila jioni kwa winchi, huko nani ananisalimia? Kaka akaita haloo, haloo. Nadhani alidhani simu imekatika.

Wakati wa kula nikamuuliza binti. Mjomba wako anataka kujua, nikae au niende? Mabega. "Unavyoona wewe, mama." Nikacheka moyoni. Mdomo wake useme utakavyo, jibu langu ninalo dirishani.

Jumanne, 11 Machi

Nilisinzia kwenye kiti, jua likiwa magotini. Nikaota binti ameifunga nyumba yangu ya kule kwa minyororo, anaiinua taratibu, na mabati yake, na mlango wake wa kijani. Akaipitisha juu ya paa za watu. Watu chini wanavua kofia. Akaitua hapa hapa, ghorofa ya tisa, kando ya kiti changu. Hata ndoo ya maji barazani haikumwagika! Nimeamka natafuta komeo.

Nitamwambia kaka ampe mwalimu funguo. Nangoja Jumamosi tu ili nisionekane nina haraka.

Alhamisi, 13 Machi

Aibu yangu.

Nilijipeleka mwenyewe. Nilivaa gauni la bluu, nikabeba chupa ya chai, nikaenda mpaka geti la ujenzi. Nikamwambia mlinzi, mpe yule dereva wa juu, mwambie salamu zake za kila jioni nazipata. "Salamu zipi, mama?" Nikamweleza. Kwa sauti, na mafundi wanapita! Mlinzi alicheka mpaka kofia ikadondoka. Halafu akaniona uso, akaacha.

"Mama, ule ni upepo. Jioni lazima waufungue breki ule mkono, uzunguke wenyewe. Ukifungwa, dhoruba inaweza kuiangusha winchi nzima. Siku hizi upepo unavuma kuelekea kwenu, basi." Akaniokotea kifuniko cha chupa. "Mchana ndiyo unakwenda anakotaka yeye."

Nimepanda ngazi zote, ghorofa tisa, nisikutane na mtu kwenye lifti.

Jioni mkono umeelekea dirishani kama kawaida. Nimeshusha pazia. Nilikuwa napungiana na upepo.

Ijumaa, 14 Machi

Ameshasimuliwa. Kazini kwao wote wanajua. Ameingia, amevua buti, ameniuliza taratibu, "Mama, ulifikiri ni mimi?" Nikasema nilijua tangu mwanzo, nilikuwa namtania mlinzi. Akaniangalia sana. Nikasema kesho mjomba wako akipiga namwambia narudi, nyumba haiwezi kukaa bila mwenyewe.

Akachukua chungwa. Akalimenya lote bila ganda kukatika, kama nilivyomfundisha. Akaliweka kwenye sahani yangu. Yeye hakula. "Unavyoona wewe, mama."

Begi nimelifunga. Ni jepesi kuliko nilivyokuja nalo, sijui kwa nini.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne na nusu. Begi liko mlangoni. Nimevaa gauni la bluu. Nimepandisha pazia ili niuone mji kwa mara ya mwisho, na naandika nimesimama.

Ukungu mwembamba, jua linapita ndani yake kama kwenye maziwa. Upepo umegeuka tangu alfajiri. Nguo zangu kwenye kamba ya barazani, ambazo wiki nzima zilikuwa zinanipiga usoni, leo zinarukia nje, kuelekea kwenye winchi. Mafundi wako chini wanakunywa chai, kofia zao zimepangana kama vifungo. Hakuna anayefanya kazi. Kibandani juu naona kitu cheusi. Kichwa chake.

Ngoja.

Mkono unatembea. Ndoano haina kitu — hakuna chuma, hakuna tofali. Unakuja. Nguo zinakwenda kule, mkono unakuja huku! Taratibu kabisa, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa. Umepita kona ya jengo. Umepita matangi ya maji.

Umesimama. Umeninyookea mimi.

Simu inaita. Kaka. Inakata, inaita tena. Mkono mmoja una kalamu, mkono mmoja una kitambaa cha maua, na hiki siwezi kukishusha sasa, ananiona — jamani, simu niishike na nini?