Dawa ya Vipepeo

Masasi, 9 Oktoba 1955

Mdogo wangu mpendwa Julia,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hapa wote wazima, ila goti la Mama bado linamsumbua, na kila jioni anauliza kama huko juu bado mnateremka bondeni kufuata maji. Je, mumeo Marko ameandika kutoka Mtwara? Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu, hata kama ataiitikia kwa kununa.

Wale vipepeo watatu uliowakunja kwenye karatasi wamefika salama. Wa kwanza ni Papilio demodocus. Huyo usihangaike naye tena, kwenye michungwa ya misheni wamejaa tele na viwavi wao. Wa pili umemwita Danaus chrysippus. Umekosea, bibi wee! Huyo ni Hypolimnas misippus, jike. Danaus ni mchungu na ndege wanamjua, basi huyu mjanja amejivika nguo zake ili naye aachwe. Tazama bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi katikati, huyu ana moja tu ukingoni. Bibi Mabel alitufundisha hayo mimi na wewe tukiwa bado tunakaa chini darasani, na nakumbuka ulikuwa umesinzia.

Lakini wa tatu! Nimemlinganisha na picha za kile kitabu alichotuachia Bibi Mabel aliporudi kwao, nikatoka nje kwenye jua, nikamlinganisha tena. Mweusi, buluu ile, mikia miwili kila bawa. Ni Charaxes violetta, dume. Miaka yote hii nimemtafuta kwenye mawe ya Mtandi na kule Ndanda kwenye maporomoko, sijamwona hata kivuli. Na wewe umenitumia bila kuandika mahali! Kipepeo asiye na mahali ni takataka ya kufagia. Umemkamata wapi?

Ni mimi kaka yako,
Arthur


Makote, Newala, 21 Oktoba 1955

Kaka yangu Arthur, shikamoo.

Mimi mzima, na wa nyumbani wazima. Marko ameandika, anasema kazi ya bandarini ni nzito lakini atakuja Krismasi. Mama Marko ameitikia shikamoo yako. Alinuna, ndiyo.

Haya, andika: shamba la Mama Marko, Makote, chini kabisa kwenye chemchemi, mahali anapotupa machicha ya mabibo. Huu ndio msimu, korosho zinaanguka usiku kucha, na mabibo yakishakamuliwa na machicha kuchacha, Charaxes wanakuja kama walioalikwa. Maua hawayatazami kabisa. Yuko castor mkubwa mwenye mshipi wa njano, yuko candiope mwenye mishipa ya kijani, na saturnus wengi tu. Wanalewa, Kaka! Yule violetta sikumkamata kwa wavu, nilimwokota kwa vidole.

Nilimweleza Mama Marko kwamba kipepeo anaonja kwa miguu. Akasema, “Na mwanangu alioa kwa macho, ndiyo maana nimeletewa mke anayekimbiza wadudu.” Nilicheka, lakini yeye hakucheka.

Mdogo wako,
Julia


Masasi, 2 Novemba 1955

Mdogo wangu Julia,

Salamu sana. Goti la Mama limepata nafuu, jana alifika kanisani kwa miguu yake. Natumaini nanyi hamjambo.

Nina habari njema mpaka kalamu inaruka. Bwana Shauri mdogo wa hapa, yule Mzungu wa boma, alikuja kukagua shule yetu. Kumbe naye ni mtu wa vipepeo! Aliona sanduku langu ukutani akasahau kabisa kukagua. Alipomfikia violetta alivua kofia. Nikamwambia sifa si yangu, ni ya dada yangu wa Makote, nikamsomea maneno yako yote, chemchemi, machicha na ulevi wao. Amefurahi mno. Jumamosi tarehe 19 atakuja kwenu, na boma la Newala litampa tarishi wa kumwongoza. Nimemchorea na ramani.

Uwe tayari, umtandikie mkeka pale pale kwenye chemchemi.

Kaka yako mwenye furaha,
Arthur


Makote, 8 Novemba 1955

Kaka Arthur,

Leo salamu utanisamehe.

Pale kwenye chemchemi pana mitungi, pana moto, pana mrija. Mama Marko anapika gongo. Hawezi kupikia kwingine kwa sababu mvuke unataka maji ya kuupoza, na maji yako pale tu. Wewe ulidhani machicha yote yale ni ya uraka tu, pombe nyepesi ya kunywa watu wa nyumbani? Sikukuandikia kwa kuwa mambo ya mama mkwe hayaandikwi, na kwa kuwa sikujua kama barua zangu siku hizi zinasomewa serikali.

Nilipomwambia, hakupiga kelele. Alikaa akamenya muhogo, halafu akasema, “Serikali ikishuka kwenye chemchemi yangu, mimi nitakwenda jela, na wewe mwali utarudi kwenu Masasi na wavu wako.” Hatanii. Na Marko hajawahi kupindua neno la mama yake.

Mimi naipenda nyumba hii. Nampenda Marko. Sitaki kurudishwa kwetu kwa sababu ya mdudu. Mzuie huyo Bwana.

Julia


Masasi, 12 Novemba 1955

Julia mdogo wangu,

Nampa dereva wa lori barua hii mkononi, ikufike upesi.

Nimejaribu. Nilimwambia mvua imeharibu njia. Akasema ana viatu vya mvua. Nikamwambia Charaxes wamehama. Akacheka sana, akasema, “Mwalimu Arthur, unajua vizuri kwamba dume la Charaxes hushika mti wake na kuulinda.” Ndiyo hasara ya kumdanganya mtu anayejua. Nikiendelea atashuku, na mimi ni mwalimu wa misheni.

Hamisheni mitungi. Kosa ni langu, mdomo wangu haujui kufunga nikiulizwa vipepeo, na sasa unalipa wewe. Nimekosa usingizi.

Kaka yako,
Arthur


Makote, 27 Novemba 1955

Kaka yangu, shikamoo.

Sisi wazima. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nalala, nilichoka.

Tulihamisha mitungi, mimi na Mama Marko, tukaificha kwenye kichaka. Kulipokucha castor wamekaa juu ya mitungi kama vifuniko. Tukafukia machicha. Wakatua juu ya udongo uliofukiwa, wakanyoosha ndimi. Ungekuwapo ungefurahi, mimi nililia. Mtu yeyote mwenye macho angewafuata hao mpaka kwenye gongo.

Nikaona hakuna dawa ila kuwapa kitu kitamu zaidi, mbali na pale. Nikaponda ndizi mbivu, nikazipaka kwenye mikorosho ya juu, karibu na njia ya kanisani. Wakaja nzi. Mama Marko alikuwa amesimama ananitazama, mikono kiunoni. Akaondoka. Akarudi na chupa ya gongo la mwanzo, lile kali lisilouzwa hovyo, akazimwagia ndizi zangu kwa mkono wake mwenyewe, huku amefumba macho. Akasema, “Wanywe, walaaniwe.” Siku ya pili bondeni hakubaki hata mmoja.

Bwana alikuja na tarishi Anselmo. Nikamwambia wamehamia huku juu, mabibo ya huku yameiva zaidi. Alipata candiope, akapata violetta dume na jike, akapiga magoti chini kwa furaha. Kuhusu mahali usinilaumu: aliwakamata pale, basi ni mahali pao.

Halafu akainama akanusa ndizi. Anselmo akatazama mbinguni, maana harufu ile anaijua kuliko Baba Yetu. Bwana akauliza, “Umetia nini humu?” Mama Marko alikuwa ameshika mti. Nikasema, “Dawa ya vipepeo, Bwana. Hutengenezwa na kaka yangu Arthur.”

Nisamehe. Sikuwa na kaka mwingine.

Mdogo wako,
Julia


Masasi, 5 Desemba 1955

Julia,

Salamu. Mama mzima. Mimi sijui.

Bwana Shauri amekuja shuleni, na mbele ya Padre ameniomba chupa ya dawa ya vipepeo. Anasema kwao Ulaya hutumia ramu na sukari, lakini hii yangu imeishinda. Padre akaniuliza imetengenezwa kwa nini. Nikajibu, kwa matunda. Ni kweli. Akanipongeza! Mimi ambaye tangu kipaimara sijaonja hata togwa iliyochacha.

Kabla ya Krismasi anataka kwenda kuijaribu Mtandi, nami niwepo. Nikisema sina, atauliza nilikuwa nayo vipi. Basi nakuomba, na kupitia kwako namwomba Mama Marko kwa unyenyekevu wote, chupa moja.

Na niambie ukweli: bado anasema utarudi huku?

Kaka yako,
Arthur


Makote, 14 Desemba 1955

Kaka yangu mpendwa, shikamoo, na Mama shikamoo yake.

Wote wazima. Chupa inakuja na dereva yule yule, ndani ya kikapu cha unga wa muhogo. Iweke wima.

Nilimsomea Mama Marko barua yako. Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta macho kwa kanga, akasema, “Rudia hapo serikali inapoomba.” Nimerudia mara nyingi. Sasa wanawake wakija kuteka maji ananiita niwatajie majina, na castor yeye humwita Kastori, kama mjomba wake. Jana alimwambia Dominika wa jirani, “Mkwe wangu huyu ana elimu, usimwone anakimbia na wavu.” Mitungi imerudi chemchemini, na vipepeo pia.

Najua utataka kubandika karatasi kwenye chupa: jina, tarehe, mahali. Jina na tarehe andika. Mahali acha.

Mama Marko anasema chupa tupu irudi. Kuhusu kurudi kwangu huko, hakusema tena, ila ameniambia nianze kupaka nyumba chokaa kabla ya sikukuu. Marko atanikuta hapa.

Mdogo wako,
Julia

Usionje.